Tairi la Mbele, Kushoto

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu mazito, hakuna upepo. Mvua imeanza saa moja kasorobo.

Mvua ya kwanza ya msimu. Kila mwaka siku kama ya leo karakana yetu ya matairi hujaa kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu watu huyakumbuka matairi yao siku wanapoteleza. Tumepokea magari mpaka tukakosa pa kuyaegesha. Profesa, fundi mwenzangu, anaitwa hivyo kwa sababu hawezi kukaza nati moja bila kutoa mhadhara. Leo alisimama mlangoni na jeki mkononi, akatangaza, "Karibuni wapendwa! Vipara wote watangulie!" Bwana mmoja mwenye upara akavua kofia, akainamisha kichwa, akatangulia. Tumecheka mpaka bosi akatoka ofisini kuuliza kama tumefunga kazi.

Mtoto amepelekwa shule na Baba kama kawaida. Mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu, shule huanza saa mbili, kwa hiyo tangu Baba ahamie kwangu kazi hiyo ni yake. Binti yangu ana miaka minane. Babu yake humwita Kondakta, kwa kuwa hukaa kiti cha mbele na kutangaza safari nzima. Leo nilichelewa kidogo nikawasikia wakitoka getini.

"Kushoto safi, Babu!"

"Ahsante, Kondakta!"

Na honi, bila sababu yoyote.

Nalala saa nne na robo.

Jumatano, 6 Machi. Mvua tangu alfajiri.

Kazi. Mgongo unauma. Saa tatu na nusu.

Jumamosi, 9 Machi. Jua kidogo, kisha manyunyu.

Siku ya Baba ya kukagua gari. Amefanya hivi kila Jumamosi tangu nikiwa shule ya msingi, enzi akiendesha malori ya safari ndefu, na hajawahi kumgonga mtu wala mbuzi. Mimi nilijifunza matairi kwake kabla ya kujifunza kwa bosi. Alinikalisha chini, akaniwekea kiganja juu ya tairi na kusema nifumbe macho. Likiwa limelika katikati, limejazwa upepo kupita kiasi. Limelika mabega yote mawili, upepo ni mdogo, gari linatembea kwa magoti. Limelika bega moja tu, gurudumu halitazami mbele sawasawa. Na ukipitisha kiganja upande mmoja likawa laini, ukirudisha likakukwaruza, basi tairi linaburutwa huku linaviringika. Dereva hatajua, lakini kiganja kitajua.

Leo yeye alikagua matatu, mimi nikakagua la mbele, kushoto. Bega la nje limelika vibaya. Tairi lenyewe halijamaliza hata miezi minne.

"Baba, hili linaisha upande."

"Barabara," akasema, na wala hakuinama kulishika. "Njia ya shule imekuwa mashimo matupu. Hilo tairi linafanya kazi ya jembe."

Nitalipeleka gari karakana Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi. Mvua usiku, asubuhi kavu.

Baada ya kazi nimelipandisha gari la Baba kwenye mashine ya alaimenti. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatazama ndani kuliko mwenzake. Nimelirudisha mahali pake, nikabadilishana matairi ya mbele na ya nyuma, nikapima upepo wa yote manne. Profesa alipita akasema, "Gari la mzee linahudumiwa kuliko wagonjwa wa wodini." Nikamwambia ndani yake anakaa mwanangu. Akanishikia taa.

Saa nne.

Alhamisi, 14 Machi. Mvua. Mtoto amepata alama nzuri ya kuchora.

Jumanne, 19 Machi. Mvua kubwa toka saa kumi na moja.

Mteja mmoja mwenye tai amekataa kubadilisha matairi ambayo yamebaki laini kama sahani. Amesema gari lake ni zito, haliwezi kuteleza. Nikamweleza kwamba maji yaliyo mbele ya tairi lazima yapate pa kupita. Ile mifereji ya tairi ndiyo njia yake. Gari likienda kasi na mifereji ikiwa imekwisha, maji yanabanwa chini na tairi linapanda juu yake. Hapo usukani unakuwa pambo tu, na breki nazo pambo. Uzito haumsaidii mtu aliyeacha kugusa ardhi.

Hakushawishika. Profesa akaja kwa ufundi zaidi.

"Mzee wangu, una kandambili nyumbani? Zile za zamani, zilizoisha soli?"

"Ninazo."

"Umewahi kukimbia nazo bafuni?"

Yule bwana akacheka, akashika kiuno. "Mwaka juzi. Nililala hospitali siku mbili."

"Basi unalijua somo lote. Sisi tunakukumbusha tu."

Amebadilisha yote manne. Karakana yetu msimu wa mvua hairidhiki na mifereji yenye kina cha chini ya milimita tatu, na mimi huwa sioni haya kumrudisha mtu.

Jioni nimefikiri kwamba mteja akishindwa kuelewa huwa natafuta njia nyingine ya kumweleza, kisha nyingine. Nyumbani nikijibiwa "barabara" mara moja tu nanyamaza. Baba ni Baba.

Nalala saa tano kasoro.

Jumamosi, 30 Machi. Mawingu, baridi.

Kushoto tena. Lile tairi lililokuwa nyuma, lililokuwa zima kabisa, sasa limeanza kulika bega la nje. Hata wiki tatu hazijatimia.

Jumatatu, 1 Aprili. Mvua.

Mashine imenionyesha kosa lilelile, gurudumu lilelile. Nimelirekebisha tena. Profesa anasema huenda mashine ndiyo inayougua. Tumeipima kwa gari la bosi, ni nzima. Tukaangalia viungo vya chini, tukakuta kimoja kimelegea, nikakibadilisha nikafurahi kama mtu aliyeokota pete yake. Bila shaka ndicho kilichokuwa chanzo.

Baba amenisubiri nje ya karakana na mwavuli. Nilipomwonyesha kile kiungo kibovu alikigeuza mkononi muda mrefu.

"Umeona?" akasema. "Nilikwambia barabara."

Saa nne unusu.

Jumapili, 7 Aprili. Mvua kutwa. Kaka amepiga simu, wakaongea na Baba kuhusu mpira. Nguo hazikauki.

Ijumaa, 12 Aprili. Asubuhi ukungu, baadaye mvua.

Tairi limepoteza upepo barabarani, Baba na mtoto wakaokolewa na waendesha pikipiki waliowasaidia kuweka la akiba. La mbele, kushoto. Rimu imepinda kama kifuniko cha sufuria. Nimeinyoosha kwa nyundo huku nikiyatukana mashimo ya njia ya shule moyoni. Saa ya chakula cha mchana nikachukua pikipiki, nikaenda kuyaangalia hayo mashimo kwa macho yangu.

Hakuna. Kuna shimo moja la kawaida karibu na duka la dawa, na liko upande wa kulia. Zaidi ya hapo njia ni nzuri. Maji yanapita mtaroni, na mbele ya lango la shule wameweka mawe mapya ya ukingo, yamepakwa rangi nyeusi na nyeupe.

Nikarudi kazini. Nililala saa sita na nikaamka mara mbili.

Jumamosi, 20 Aprili. Mvua ndogo.

Nimeosha magurudumu kabla ya kuyakagua, jambo ambalo sikuwa nafanya kwa sababu ya tope la msimu. Ubavuni mwa tairi la mbele kushoto kuna michubuko, mmoja juu ya mwingine, ya zamani na mipya. Ndani ya michubuko kuna unga mweupe. Nimeukwangua kwa ukucha. Ni rangi.

Wiki sita nimekuwa natibu tairi. Nimenyoosha gurudumu, nimebadilisha kiungo, nimegonga rimu, na kila mara nikasema sasa limepona. Kosa la mafundi wa matairi ni hilo, ukitupa tairi lililoumia tutalitazama tairi mpaka kesho. Gurudumu halikupinda likaenda kugonga ukingo. Limepinda kwa kuwa linagonga ukingo, na linagonga kila siku.

Baba alikuwa upande wa pili anapiga mluzi, anafuta kioo. Amefuta nusu ya kulia, ikang'aa. Ya kushoto ameiacha na tope lake, akakunja kitambaa kama mtu aliyemaliza.

Saa saba usiku.

Jumanne, 23 Aprili. Mvua kubwa, maji barabarani.

Jana nilimwambia bosi nina dharura, nitachelewa leo. Baba nikamwambia karakana inafunguliwa baadaye. Nikaingia kiti cha nyuma.

"Leo tuna abiria wa heshima," akasema Baba.

"Tiketi tafadhali," akasema mtoto, nikampa jani la mti.

Nataka kuandika kama ilivyokuwa. Tulitoka getini. Mtoto alikuwa wima kwenye kiti, mkanda umemkaba, uso umegeukia dirisha la kushoto.

"Kushoto safi, Babu."

Tukatembea.

"Kushoto safi. Kushoto baiskeli, imepita. Kushoto safi."

Nilikuwa naujua mchezo huu kwa kuusikia kupitia dirisha la jikoni siku nilizochelewa, sentensi moja ya kwanza, kisha honi. Sikujua kwamba hauishi. Hakusimulia shule, hakuuliza maswali, hakuimba. Alisema "kushoto safi" njia nzima, na kila aliposema nikaona mabega ya Baba yanashuka kidogo.

Karibu na duka la dawa maji yalikuwa yamefunika ukingo. Mama mmoja mwenye mwavuli alikuwa ameshuka barabarani kukwepa dimbwi, mkono mmoja ameshika kiatu. Mimi nilimwona kutoka mbali. Nilisubiri Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Nilifungua mdomo.

"Kushoto mtu! Babu, mtu!"

Baba alikanyaga breki. Matairi yalishika. Nimeyapima mwenyewe, yana kina cha kutosha, yalikata maji mpaka chini yakashika lami, na gari likasimama. Yule mama alikuwa hatua moja kutoka kwenye taa yetu. Akapiga boneti kwa kile kiatu.

"Mzee, huoni?"

Baba akashusha kioo. "Samahani sana, mama. Mvua."

Mama akaenda zake akinung'unika. Baba akaweka gia. Mbele ya shule akasogea kushoto kuegesha, na nikasikia mlio ambao naujua sasa, mpira juu ya jiwe. Mtoto alifungua mlango, akatuaga, akakimbia na mkoba kichwani.

Nilihamia mbele. Baba akanishusha karakana. Njia nzima nilitazama kushoto na sikuthubutu kusema "safi", wala kutosema.

Jioni nilimsuka nywele mtoto.

"Huu mchezo wa kushoto mlianza lini?"

"Si mchezo, Mama. Ni kazi."

"Kazi gani?"

"Babu kushoto haoni."

"Alikwambia?"

"Hapana. Tuligonga ndoo za muuza maji, na hakujua. Aliniuliza huo mlio wa nini."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungemkataza. Halafu angekaa nyumbani peke yake kutwa." Kisha akasema, "Kichwa kinauma ukinivuta," ingawa nilikuwa nimeacha kusuka.

Sikulala. Saa kumi na moja nilisikia mvua imepungua, nadhani nikapitiwa hapo.

Jumatano, 24 Aprili. Mvua.

Nimemwambia Baba kwamba mimi na mtoto tutatembea, tunahitaji mazoezi.

"Kwenye mvua hii?"

"Mazoezi ya mvua."

Amenitazama. Anapokutazama sasa naona anageuza kichwa kizima, kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Nimeona pia kwamba sahani yake huisha upande mmoja, na wali wa upande wa pili hurudi jikoni. Nilikuwa nasema uzee umempunguzia hamu.

Nimempigia Kaka. Yeye ndiye aliyemnunulia Baba gari siku alipostaafu.

"Mwache mzee," akasema. "Ukimnyang'anya gari umemzika."

"Kaka, jana nusura amuue mtu. Na mwanangu ndiye jicho lake."

Akasema, taratibu, "Nilipokuja mwisho wa mwaka alinimiminia chai. Akaimimina mezani, kando ya kikombe. Nikapangusa."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wewe unakaa naye."

Nilikata simu. Miaka yote nimemwona Kaka kama mtu mwenye jibu la kila kitu. Naye ni mtu wa kupangusa meza tu. Halafu nikakumbuka kile kiungo, na rimu, na nyundo. Mimi nimepangusa mara ngapi?

Alhamisi, 25 Aprili. Mvua imekatika saa tatu.

Nimefanya jambo la aibu. Kabla ya kuondoka na mtoto nililegeza waya wa betri. Nilifikiri gari likikataa kuwaka siku chache nitapata muda wa kupanga maneno.

Saa nne na nusu gari la Baba limeingia karakana. Ameshuka, akapita kati ya wateja, akaja mpaka kwenye mashine yangu. Profesa alianza kumsalimia, akaona uso wake, akaenda kutafuta kitu nyuma.

"Nati ya betri haijifungui," Baba akasema. Hakupaza sauti. "Nimelala chini ya malori jangwani, nikafunga gia boksi kwa tochi ya mdomoni. Binti yangu ananizuia kwa nati ya nambari kumi?"

"Shikamoo, Baba."

"Ukiwa na neno la kuniambia, niambie. Usinitumie betri."

Akarudi kwenye gari. Nilisimama kwenye mlango nikimtazama akirudi nyuma, nikasikia mdomo wangu unasema kimyakimya, kushoto safi, kushoto safi, mpaka alipofika barabarani.

Profesa akaniletea maji. Hakutoa mhadhara.

Jumamosi, 27 Aprili. Manyunyu mepesi asubuhi, hewa safi.

Nimeamka mapema nikainua gari kwa jeki, nikafungua gurudumu la mbele kushoto, nikaliviringisha mpaka barazani alikokuwa anakunywa chai. Mtoto nilimtuma kwa jirani. Hakustahili kuwepo tena kwenye jambo hili.

"Mbona unaniletea gurudumu kama mgeni?" akasema.

"Nataka ulishike."

"Mikono yangu ina chai."

"Nitasubiri."

Alikunywa polepole, ili nijue kwamba ananisubirisha. Kisha akashusha kikombe, akakitafutia meza kwa kidole kidogo kwanza. Sijui ni lini alianza kufanya hivyo. Akafumba macho, akaweka kiganja juu ya tairi.

Alipitisha mkono kwenda, akaurudisha. Akagusa bega la nje. Akashuka ubavuni, akapata mchubuko wa kwanza, wa pili, akawa anaifuata kwa kidole gumba mmoja baada ya mwingine.

"Hili tairi halina kosa," akasema.

"Najua."

"Na mashine yenu haina kosa. Umeisumbua bure."

"Najua, Baba."

"Limepigwa. Hapa. Na hapa." Akanusa kidole. "Mawe ya shule." Mkono wake ukasimama. "Dereva kama huyu, kwenye msafara wangu ningemshusha njiani, nikamwachia maji na mkate."

Nilikuwa nalia na sikutaka asikie, lakini masikio yake hayana tatizo.

"Usilie juu ya rimu," akasema, "itashika kutu."

Tukakaa. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati. Halafu akaanza kuongea akitazama ua, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akisema neno barabara.

Alisema ilianza kama moshi pembeni ya jicho, akadhani ni kioo cha gari. Akafuta kioo. Ukaja mpaka kwenye vitu vya ndani ya nyumba, akadhani ni taa. Aliogopa kwenda hospitali kwa sababu alijua swali watakalomuuliza.

"Na mtoto?" nikasema.

"Alianza mwenyewe. Nikaona ni utani, mtoto anacheza ukondakta. Nikaupenda." Akasugua goti. "Siku moja njia panda akanyamaza. Alikuwa anafungua mkoba, anatafuta kifutio. Nikasimama. Magari nyuma yanapiga honi, watu wananitukana, na mimi nimesimama namsubiri mtoto wa miaka minane aniambie nipite. Siku ile nilijua."

"Ilikuwa lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

Hakujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nimejipangia majibu kwa siku tatu, na ghafla sikuwa na la kufanya nayo. Nilimkasirikia vilevile. Nimeandika hivi ili nisijidanganye baadaye kwamba nilimhurumia tu. Alimpa mwanangu mzigo ambao hata mimi sikuuweza Jumanne, kwa dakika kumi.

Nadhani aliisikia hasira ile, kwa sababu alinyanyuka. "Ufunguo uko kwenye koti, mfuko wa ndani," akasema. "Mimi siwezi kukupa. Uchukue mwenyewe."

Akatoka akaenda kusimama karibu na tangi la maji, mgongo amenipa. Koti lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Lilikuwa na harufu ya grisi ambayo hajaishika miaka sita. Nikachukua.

Hakula mchana. Usiku alikula. Saa sita na dakika kumi.

Jumapili, 28 Aprili. Mvua. Hasemi na mimi. Anasema na mtoto.

Jumanne, 30 Aprili. Hasemi.

Alhamisi, 2 Mei. Jua! Kisha mvua saa tisa.

Hospitali. Kaka amesafiri usiku kucha akaja, sikutegemea. Alimshika Baba mkono kwenye ngazi, na Baba akamwacha. Daktari wa macho amesema ni presha ya macho. Kilichopotea kushoto hakirudi. Kulia kumeguswa kidogo, na dawa ya matone asubuhi na usiku italinda kilichobaki, akiifuata bila kuruka.

"Unaendesha gari, mzee?" daktari akauliza.

Mimi na Kaka tukatazamana. Baba akajibu kabla yetu.

"Nilikuwa naendesha."

Kwenye benchi la nje Kaka aliniambia, "Ile chai nilipaswa kukwambia." Nikamwambia ndiyo, ulipaswa. Tukaishia hapo. Amenunua matone ya kutosha na ameandika saa kwenye kikasha kwa herufi kubwa, na Baba akamuuliza kama anadhani amezaliwa na mtu asiyejua kusoma. Ni mara ya kwanza amefanya mzaha tangu Jumamosi.

Saa nne.

Ijumaa, 3 Mei. Mawingu.

Bosi amekubali niwe naingia saa mbili na nusu, nitafidia jioni. Profesa amesema atanikumbuka kila asubuhi kwa machozi na vitafunwa vyangu.

Jumatatu, 6 Mei. Asubuhi mvua nyembamba, barabara imelowa.

Leseni ninayo, na magari nayasogeza uwanjani kutwa, lakini kuingia barabarani asubuhi ya mvua na mtoto ndani ni jambo lingine. Niliamka saa kumi na moja nikapima upepo wa matairi yote. Mbele kushoto nimefunga jipya. Nilipomaliza, Baba alikuwa amesimama nyuma yangu amevaa koti.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Kukagua dereva mpya."

Akazunguka gari lote akiligusa kwa mkono. Alipofika upande wa usukani hakusimama, akaendelea mpaka mlango wa abiria, akaketi na kufunga mkanda. Mtoto alikuwa tayari amesimama pale na mkoba, hajui aende wapi.

"Kondakta, leo unapanda nyuma," akasema Baba. "Daraja la kwanza."

Nikawasha. Nilipotoka getini nilimsikia mtoto nyuma yangu anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza.

"Mama. Kushoto nani anatazama?"

"Mimi."

"Na kulia?"

"Mimi."

"Na nyuma?"

"Mimi, kwa vioo."

"Na Babu?"

"Mimi nalalamika," akasema Baba. "Hebu ona, gia ya pili inalia na yeye anaibembeleza. Ongeza, dada, watu wana shule."

"Baba, barabara imelowa."

"Imelowa, ndiyo. Basi usiongeze." Akaonyesha gari la mbele. "Vizuri. Acha nafasi kwa huyo wa mbele. Zaidi. Hapo."

Nilipita duka la dawa. Nikasimama kuwapisha watu wawili wenye mwavuli mmoja. Wakati wote nyuma kulikuwa kimya, na ukimya ule ulinitia wasiwasi, nikainua macho kwenye kioo. Mtoto alikuwa amelegea kwenye mkanda, mdomo wazi, shavu limebanwa kwenye mkoba. Amelala. Miezi yote hiyo amepita njia ile kila asubuhi, na sidhani kama aliwahi kuegemea kiti.

Baba aligeuza kichwa kizima, akamtazama. Alimtazama mpaka tulipofika. Mbele ya shule niliegesha mbali na mawe, na nilipotaka kumwamsha mtoto Baba akanishika mkono.

"Muda upo?"

Nikaangalia saa. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Upo."

"Basi mwache."

Tukakaa watatu ndani ya gari, injini imezimwa, mvua inateremka kwenye vioo, mpaka kengele ilipolia.

Leo usiku Baba ametia matone mwenyewe, machache yamemwagika shavuni. Mtoto amelala mapema. Mimi nalala saa tatu na dakika ishirini.